Mjomba anasema presha yetu iko kwenye damu, chumvi haina kosa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kuna mvutano nimeshindwa kuumaliza. Mama yangu ana miaka 61. Miaka minne iliyopita aligundulika ana presha, akaandikiwa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi. Vidonge alikuwa akimeza bila shida. Vita vilikuwa kwenye chumvi. Mama huinua kikopo cha chumvi kabla hajaonja chakula, hunyunyiza mara tatu, ndipo anashika kijiko. Kidogo kidogo tulifika pazuri: nikawa napika kwa chumvi ndogo, na kikopo nikakihamishia kabatini. Namba zikashuka. Ndipo Mjomba, kaka yake mkubwa, alipoingilia kati.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, na kwetu akisema jambo limesemwa. Yeye mwenyewe ana presha. Anadai presha yetu ni ya kurithi na ushahidi anao. Kwanza, babu alikufa kwa kiharusi, bibi alikuwa na presha, na sasa ni yeye na mama. Pili, mama mdogo ana miaka 52, anakula chumvi kuliko sisi sote, na juzi alipimwa akakutwa na 118/76. Tatu, ametuma kwenye kundi la familia la WhatsApp makala inayoeleza kwamba watu weusi waliosafirishwa utumwani walikaa baharini bila chumvi wala maji, wakafa wale ambao miili yao ilipoteza chumvi, wakabaki ambao miili yao huishikilia, na ndiyo maana watu weusi wana presha. Makala ina mchoro wa kale wa Mzungu akimlamba mtumwa kidevuni ili aonje chumvi ya jasho. Nne, wanasayansi wamekwisha kupata jeni zaidi ya 900 za presha. "Mtu hapigani na damu yake," ndivyo alivyomaliza.

Kikopo kimerudi mezani. Kibaya zaidi, wiki iliyopita nilikuta mama ameruka vidonge siku tatu. Nilipomuuliza akasema, "Kama ni ya ukoo, vidonge vitabadilisha nini?" Tulipompima ilikuwa 162/98. Kaka yangu naye anataka tuchange tupime vinasaba vya familia nzima tumalize ubishi.

Shangazi, mimi si msomi wa sayansi. Sitaki kumvunjia Mjomba heshima, lakini namwogopea mama. Je, anayosema ni kweli? Na kama ni kweli, tunakosea kumnyima mama chumvi?

Binti wa Kwanza

*

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya lolote, vidonge. Leo hii mama arudi kwenye dawa zake kama alivyoandikiwa, na wiki hii mpeleke kliniki anakotibiwa mkaeleze kwamba aliruka siku tatu na kwamba mlisoma 162/98. Asijiongezee dozi ili kufidia zile alizokosa. Akipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, au maneno kumpotea, msingoje asubuhi, mkimbizeni hospitali. Vidonge vya presha havimuulizi mtu ameipata wapi. Vinamsaidia aliyerithi kama vinavyomsaidia asiyerithi. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na sentensi iliyoniumiza zaidi katika barua yako ni hiyo ya mama.

Sasa tuje kwa Mjomba. Nimezisoma hoja zake nne mara mbili, na nataka ujue mapema kwamba si mtu wa kupuuzwa. Amekusanya ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo ni wa kweli. Anapoteleza ni kwenye hatua ya mwisho, pale anaposema "ni ya kurithi, kwa hiyo chumvi haina kosa". Hiyo "kwa hiyo" ndiyo ya kukagua.

Ni kweli presha hutembea kwenye koo. Tafiti za mapacha na za familia hukadiria kwamba asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Lakini angalia namba hiyo inapima nini: inapima tofauti kati ya watu wanaoishi katika hali fulani. Chukua nyumba ishirini zilizopigwa na mvua ileile usiku kucha. Asubuhi tano zimelowa ndani. Ukichunguza kwa nini hizi na si zile, utakuta mabati mabovu, na utaandika kwamba tofauti yote imeletwa na bati. Utakuwa umesema kweli. Ila mvua hutaiona kwenye hesabu yako, kwa kuwa ilinyesha kote sawasawa. Mahali ambapo karibu kila mtu anakula chumvi nyingi, chumvi hujificha namna hiyohiyo, na jeni ndizo zinazobaki kuonekana. Halafu kuna jambo ambalo Mjomba kama mwalimu atalikubali haraka: babu, bibi, yeye na mama hawakurithishana damu tu. Walikula chungu kimoja, na mkono uliokuwa ukitia chumvi ulikuwa mmoja. Ukoo peke yake hauwezi kukutenganishia hayo mawili.

Hoja ya mama mdogo naipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo nzito. Wapo watu ambao chumvi huwapandisha presha sana, na wapo ambao haiwagusi kiasi hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Lewis Dahl, aliwalisha panya chakula chenye chumvi nyingi, akaona baadhi presha inaruka na wengine wametulia. Akawazalisha waliopanda na waliopanda, waliotulia na waliotulia. Baada ya vizazi vichache tu alikuwa na koo mbili za panya: mmoja chumvi inaua, mwingine unaivumilia. Hapo urithi umeonekana waziwazi, hakuna wa kubisha. Lakini kilichowaua panya wale wa ukoo dhaifu kilikuwa ndani ya sahani. Jeni iliwafanya wadhurike kirahisi, chumvi ikawadhuru.

Kwa binadamu hali iko hivyohivyo, tena kwa undani zaidi. Yapo magonjwa machache, adimu, ambayo jeni moja ikiharibika mtu hupata presha kali tangu ujana. Mojawapo ni ugonjwa wa Liddle, ulioelezwa mwaka 1963, na jeni yake ikapatikana mwaka 1994. Jeni ile huongoza milango midogo kwenye figo inayorudisha chumvi mwilini badala ya kuiachia itoke na mkojo. Ikiharibika, milango inabaki wazi, chumvi inarudi, maji yanaifuata, presha inapanda. Na karibu magonjwa yote ya aina hii ambayo sayansi imeyafumbua, jeni zake zinakutana palepale: kwenye figo, kwenye kazi ya kushika au kuachia chumvi. Kwa hiyo Mjomba akithibitisha kesho kwamba ukoo wenu una urithi mzito wa presha, atakuwa amempa mama sababu kubwa zaidi ya kukiacha kile kikopo. Mama mdogo ndiye anayeweza kuwa na nafasi ya kuvumilia. Mama hana. (Na hata huyo mama mdogo msimpe cheti bado. Kipimo kimoja akiwa na miaka 52 hakisemi atakavyokuwa akiwa na 61.)

Hadithi ya meli inahitaji muda, kwa sababu inagusa moyo. Inahusu mateso ya kweli, na mtu anaposikia kwamba mwili wake umebeba alama ya mateso yale, hupenda iwe kweli. Mimi mwenyewe nilipoisoma mara ya kwanza niliiamini. Dhana hiyo ilipata umaarufu kupitia madaktari wa Marekani, Thomas Wilson na Clarence Grim, walioichapisha mwaka 1991, na wenyewe waliiita dhana. Mwaka uliofuata mwanahistoria Philip Curtin, aliyetumia maisha yake kuchunguza biashara ya watumwa, akaipima kwa kumbukumbu za kihistoria, akakuta nguzo zake hazisimami: haikuwa kweli kwamba Afrika Magharibi ilikosa chumvi, wala rekodi za vifo vya melini hazionyeshi kwamba kupoteza chumvi ndiko kulikochagua nani afe na nani aishi.

Ukitaka kuipima mwenyewe, jiulize ingetakiwa tuone nini kama ni ya kweli. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli za Atlantiki na milioni 10.7 hivi wakafika wakiwa hai. Waliokufa, wengi mno kwa kipimo chochote cha utu, walikuwa takriban mmoja kati ya saba, na waliuawa na mambo mengi: kuhara damu, ndui, homa, kupigwa, kukata tamaa. Ili jeni ya kushika chumvi iwe ndiyo iliyoamua, ingebidi vifo hivyo vyote vielekee upande mmoja. Pia tungetarajia wazao wa waliovushwa wawe na presha popote walipo, na wazao wa waliobaki Afrika wasiwe nayo hata maisha yao yakibadilika. Haiko hivyo. Leo Shirika la Afya Duniani linataja kanda ya Afrika kuwa miongoni mwa zenye kiwango kikubwa zaidi cha presha duniani, na watu hao mababu zao hawakupanda meli yoyote.

Mtafiti wa Marekani, Richard Cooper, na wenzake walifanya jambo lililonyooka zaidi. Walipima kwa utaratibu mmoja watu wenye asili ya Afrika Magharibi mahali mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 1997: Afrika Magharibi kwenyewe wenye presha walikuwa asilimia 16, visiwa vya Karibi 26, Marekani 33. Kadiri maisha yalivyobadilika, uzito na chumvi vikipanda, ndivyo presha ilivyopanda. Mtetezi wa hadithi ya meli anaweza kusema, "Si ndiyo hiyo, waliovushwa wana zaidi!" Basi mwonyeshe kazi yao ya mwaka 2005, walipowaweka Wazungu na Waafrika kwenye meza moja. Kati ya jamii zenye asili ya Afrika, presha ilikuwa kuanzia asilimia 14 hadi 44. Kati ya zenye asili ya Ulaya, kuanzia 27 hadi 55, na hiyo 55 ni Ujerumani. Hakuna mababu wa Wajerumani waliovushwa Atlantiki kwa minyororo. Hata jeni iliyowahi kushukiwa sana, ile ya protini iitwayo anjiotensinojeni, ilipotafutwa Nigeria aina yake "mbaya" ilikutwa kwa watu walio wengi, huku presha yao ikiwa chini.

Na ule mchoro? Maelezo ya mchoro wenyewe yanasema mnunuzi anamlamba mtu kidevuni ili akisie umri wake na ajue kwa ladha ya jasho kama ni mgonjwa. Unatuonyesha walivyodhalilishwa. Kuhusu nani alifika hai na kwa sababu gani, hausemi neno.

Jeni 900 zipo kweli. Mwaka 2018 utafiti wa watu zaidi ya milioni moja ulifikisha idadi ya sehemu za vinasaba zinazohusiana na presha kuwa zaidi ya 900. Ila kila moja inasukuma presha kwa kiasi kidogo sana, na zote zikijumlishwa zilieleza asilimia 6 hivi tu ya tofauti za namba ya juu. Ndiyo maana namwambia kaka yako aweke pesa yake mfukoni. Kipimo hicho hakitamaliza ubishi wenu, wala hakitabadilisha dawa ya mama. Kipimo cha urithi kina maana pale presha inapoanza kwa kijana mdogo, au inapokataa kushuka kwa dawa tatu, au madini ya potasiamu katika damu yanapokuwa chini bila sababu. Hapo daktari mwenyewe huanza kutafuta, na huanza na homoni na figo kabla ya vinasaba.

Utaniuliza ushahidi upi basi ni mzuri. Mimi hutafuta ule ambao jeni zimebaki palepale, kikabadilika kitu kingine. Jeni husafiri na mtu, hazibaki kijijini. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliotoka vijijini kaskazini mwa Ziwa Victoria, ambako presha ilikuwa chini, wakahamia Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki. Presha ya waliohamia ilikuwa juu, na mkojo wao ulionyesha sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, imezidi ikilinganishwa na potasiamu. Zingatia kwamba walipima mkojo, hawakuuliza tu. Chumvi nyingi tunayokula hutoka kwa njia hiyo, kwa hiyo chupa ya mkojo wa saa 24 haidanganyiki kama ulimi wetu. Wodini nimewahi kumpokea mtu anayeapa hagusi chumvi, na chupa yake ikasema vingine. Hakuwa mwongo, hakujua iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti.

Lakini wahamiaji wale waliongezeka uzito pia, na maisha ya mji yana mambo mengi. Utafiti ule unaondoa dai la "damu tu", haumtaji mkosaji mmoja. Ili chumvi isimame peke yake kizimbani, tunahitaji kubadilisha chumvi peke yake. Hilo lilifanyika Marekani, likachapishwa mwaka 2001: watu 412 walipikiwa chakula chote na watafiti, na kila mmoja akapitia viwango vitatu vya chumvi, siku 30 kila kimoja. Mtu yuleyule, jeni zilezile, chakula kilekile. Kwa waliokuwa kwenye mlo wa kawaida, kushuka kutoka gramu 8 hivi za chumvi kwa siku hadi karibu 4 kulishusha namba ya juu kwa takriban 7 kwa wastani. Wenye presha na watu weusi walishuka zaidi. Soma hapo tena, binti yangu: wale ambao Mjomba anasema damu yao imewafunga ndio waliopata nafuu kubwa.

Basi jibu lako ni kwamba hamkosei kumpunguzia mama chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kasoro kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyokwisha kuwekwa kiwandani. Punguza polepole, ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Mkisikia habari za chumvi mbadala yenye potasiamu, ni kitu kizuri: nchini China iliwapunguzia watu kiharusi kwa asilimia 14 katika utafiti wa vijiji 600 uliotoka mwaka 2021. Lakini mama asiiguse kabla daktari hajapima figo zake na kuangalia dawa anazotumia, maana potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Lililobaki ni Mjomba, na hapa usiende na hoja zangu zote hizi ukamwaga mbele ya watoto. Nenda peke yako. Anza na alipo sahihi: "Mjomba, umesema kweli, ukoo wetu una presha." Kisha mwombe msaada. Mnunulie daftari. Mweleze kwamba mnataka mama apimwe asubuhi na jioni kwa wiki mbili akiwa na dawa zake zote na chumvi kidogo: amekojoa kwanza, amekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, vipimo viwili vikipishana dakika moja, vyote viandikwe, hata vinavyoudhi. Namba moja ya siku moja haina uzito, wastani ndio wenye uzito, na daftari hilo daktari atalishukuru. Mwambie wewe huaminiki kwa kazi hiyo kwa sababu tayari una upande, na yeye amesahihisha madaftari ya watu maisha yake yote. Ukurasa apige mstari katikati, kulia ziandikwe namba za mama, kushoto za kwake.

Shangazi